Je, Makisio ni Ilimu?

Ndugu msomaji, katika darsa yetu ya baada ya Isha lilizuka suala ambalo kwa dhahiri yake ni la watu wa nyota, lakini kwa undani wake ni letu sote. Suala lenyewe ni hili: mtu akikisia jambo kwa chombo kizuri na kwa hisabati iliyo sawa, je, aweza kusema kuwa analijua jambo hilo? Na akisema kuwa analijua, kisha ikadhihiri kuwa sivyo lilivyo, je, amesema uwongo, au amekosea tu kama wanavyokosea wanaadamu wote? Wenzangu wameniomba niliandike suala hili hapa, nami nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa makisio ya mashine yazidi kuingia katika maisha yetu siku baada ya siku. Ya pili ni kuwa katika kisa kilicholizua suala hili mkosaji nilikuwa mimi, na mkosaji ndiye apasaye kuanza kusema.

Kisa ni hiki. Darubini iitwayo James Webb ilirushwa angani tarehe 25 Desemba 2021, na picha zake za kwanza zikatolewa kwa walimwengu mwezi wa Julai 2022. Hazikupita siku nyingi wataalamu wakaandika kuwa katika picha hizo wameona galaksi moja, yaani umati mkubwa wa nyota kama huu ambao jua letu ni moja katika nyota zake, na kwamba galaksi hiyo yaelekea kuwa mbali kuliko zote zilizopata kujulikana. Katika daftari lao ina jina kavu la CEERS-93316. Walikadiria kuwa nuru yake iliondoka huko wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kiasi cha milioni 240 tu. Na leo ulimwengu wahesabiwa kuwa na miaka kiasi cha bilioni 13.8.

Mimi niliisoma khabari hiyo, nikaifurahia, na usiku mmoja wa Septemba 2022 nikaieleza darsani kwa sauti ya mtu aliyekwenda huko akarudi. Sikusema "yaelekea". Nilisema "imethibiti". Tena nikaijengea hoja, nikawaambia vijana kuwa vitabu vya khabari za ulimwengu havina budi kuandikwa upya. Alikuwapo mzee mmoja aliyekuwa nahodha wa jahazi katika ujana wake, mtu wa maneno machache. Akaniuliza, "Mwalimu, hiyo ni rangi ya maji au ni bildi?" Sikumfahamu, na kwa kuwa sikumfahamu nilimjibu upesi kwamba haya ni mambo ya ilimu za kisasa, si mambo ya jahazi. Watu wakacheka. Mzee akanyamaza, na darsa ikaendelea.

Kwa vijana wasioijua, bildi ni ile kamba yenye risasi nchani ambayo baharia huitupa majini ili apime kina. Lakini nahodha haitupi bildi kila dakika, kwani chombo kitakuwa hakiendi. Sehemu kubwa ya safari yake huangalia rangi ya maji: yakiwa meusi ajua kuwa ni kilindi, yakigeuka kijani ajua kuwa mchanga u karibu, yakiwa na weupe ajua kuwa mbele kuna fungu. Rangi ya maji humpa makisio, na bildi humpa pima. Nahodha mwema hutumia vyote viwili, na wala havichanganyi: hawaambii mabaharia "pima sita" ikiwa hakuitupa kamba.

Kumbe mzee aliuliza suala lenyewe khasa, kwani wataalamu wa nyota nao wana rangi na wana bildi. Yafaa nieleze kwa ufupi jinsi vilivyo, kwa sababu hukumu ya jambo haijulikani mpaka lijulikane jambo lenyewe.

Nuru ni mawimbi. Ulimwengu unatanuka, na mawimbi yaliyomo njiani hutanuka pamoja nao. Hivyo nuru iliyotoka ikiwa ya buluu hufika ikiwa nyekundu, na iliyotoka mbali zaidi hufika ikiwa imeupita hata wekundu, jicho lisiweze kuiona. Kurefuka huku huandikwa kwa nambari. Mawimbi yakifika yakiwa marefu mara mbili ya yalivyotoka, nambari ni 1. Yakiwa marefu mara tatu, nambari ni 2. Galaksi ya kisa chetu ilikadiriwa 16.4, maana yake mawimbi yake yamerefuka mara 17.4. Nambari hii nitaiita wekundu wa nuru. Mwenye kuijua ajua galaksi iko mbali kiasi gani, na ya kuwa anaiona kama ilivyokuwa zamani gani.

Bildi ya wataalamu ni kuipasua nuru, kama kioo cha pembe tatu kinavyolipasua jua likatoka rangi za upinde wa mvua. Nuru iliyopasuliwa huitwa spektra, na ndani yake mna mistari ya haidrojeni, oksijeni na vinginevyo, ambayo mahali pake pajulikana kwa hakika. Ukiona mistari hiyo imesogea, wapima imesogea kadiri gani, na hesabu yako imekwisha. Vesto Slipher alifanya hivyo mwaka 1912 kwa galaksi ya Andromeda, ile ambayo Abd al-Rahman al-Sufi aliiandika kuwa ni wingu dogo katika kitabu chake cha nyota cha kiasi cha mwaka 964. Slipher aliiona Andromeda yatujia kwa mwendo wa kiasi cha kilomita 300 kwa sekunde. Lakini nyingi katika zile alizozipima baadaye aliziona zatukimbia. Mwaka 1929 Edwin Hubble akaonyesha kuwa kadiri galaksi inavyokuwa mbali ndivyo inavyozidi kukimbia.

Ila bildi hii ni ghali. Nuru ya galaksi ya mbali ni hafifu, na kuipasua ni kuigawa iwe hafifu zaidi. Hutaka muda mrefu na chombo kikubwa. Kwa hiyo toka zamani walitafuta njia ya rangi. Mwaka 1962 mtaalamu wa Marekani aitwaye William Baum alieleza jinsi alivyopima mng'aro wa galaksi kwa kupitisha nuru yake katika vichujio tisa vya rangi mbalimbali, bila ya kuipasua, akakisia wekundu wake kwa kulinganisha vipimo hivyo. Asili ya njia hii ni kuwa nuru ya galaksi nyingi ina kama ngazi: upande mmoja wa mawimbi ya kiasi cha nanomita 400 nuru ni haba, na upande wa pili ni nyingi. Galaksi ikiwa mbali, ngazi hiyo husogea kuelekea wekundu. Ukijua imeangukia baina ya kichujio gani na gani, umepata makisio.

Kazi hii leo hufanywa na programu za kompyuta. Programu iitwayo BPZ ilielezwa mwaka 2000, na iitwayo EAZY mwaka 2008. Ndani yake mna violezo, kama violezo vya fundi cherahani: kiolezo cha galaksi kongwe iliyo nyekundu, cha galaksi changa iliyo ya buluu, cha galaksi iliyojaa vumbi. Programu hukichukua kila kiolezo, hukirefusha kidogo kidogo, na kila mara hukilinganisha na mng'aro ulioandikwa katika daftari la darubini. Kinapolingana hutia uzani mkubwa, na kisipolingana hutia uzani mdogo. Programu nyingine hazina violezo. Hufundishwa kwa galaksi ambazo zimekwisha pimwa kwa spektra, kisha hutakiwa zikisie nyingine.

Wala wataalamu hawana njia ya kuyaepuka makisio haya. Katika mlima wa Cerro Pachón, nchi ya Chile, darubini ya Vera C. Rubin ilitoa picha zake za kwanza mwezi wa Juni 2025. Ina kioo chenye upana wa mita 8.4 na vichujio sita vya rangi, na yatarajiwa katika miaka kumi kuandika galaksi kiasi cha bilioni 20. Kwa upande wa bildi, chombo cha DESI kilichoko Arizona chapima vitu 5,000 kwa mara moja, na juu ya hivyo kazi yake ya miaka mingi yahesabiwa kwa makumi ya mamilioni tu. Basi kwa kila galaksi moja itakayopimwa ziko mamia zitakazokisiwa. Anayekataa makisio amekataa sehemu kubwa ya mbingu.

Sasa nirejee katika kisa changu. Mwezi wa Februari 2023 nilikwenda kumtazama mpwa wangu, ambaye asomesha hisabati katika skuli moja huko Ekalakala, upande wa Masinga, katika kaunti ya Machakos. Ni nchi kavu ya Wakamba, nchi ya mbaazi na mbuzi. Si mbali na hapo maji ya mto Tana yamezuiwa na bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, kabla ya kuteremka mwendo mrefu hadi kwetu Kipini. Usiku wake una taa chache na nyota nyingi. Mpwa wangu hana darubini. Ana kompyuta ndogo ya mkobani, na usiku wa manane, mtandao unapopungua watu, huteremsha madaftari ya darubini kubwa, kwani mengi yamefunguliwa bure kwa kila atakaye, na programu zenyewe pia ni za bure.

Nilimsimulia juu ya galaksi yangu, nikamwambia na kicheko cha darsani. Yeye akatafuta vipimo vya mng'aro wake vilivyochapishwa, akavitia katika programu. Nilidhani itatoka nambari moja. Haikutoka nambari, ulitoka mchoro: mstari uliolala chini, kisha ukapanda mlima mrefu mahali pa 16 na kitu, kisha ukashuka. Nikamwambia, "Si unaona? Mashine yanikubali."

"Ngoja kwanza, mjomba," akasema. Akaongeza violezo vingine, vya galaksi zenye vumbi jingi na hewa ya moto, ambazo sehemu kubwa ya nuru yake imejikusanya katika mistari michache yenye nguvu. Akaiendesha programu mara ya pili. Mlima ule ulikuwapo bado, lakini karibu na 5, mahali palipokuwa tambarare, palikuwa pameota kilima. Nikamwuliza kilima hicho kimetoka wapi, na hali vipimo ni vile vile. Akanijibu, "Hapo kwanza hatukuiruhusu ikifikirie, mjomba. Haiwezi kukisia kitu ambacho hatukuipa."

Kisha akanieleza sababu. Mbali na ngazi ile niliyoitaja, iko ngazi nyingine kubwa zaidi, isababishwayo na haidrojeni, katika nuru isiyoonekana kwa macho. Ngazi ya kwanza ikitoka katika galaksi iliyo karibu, na ya pili ikitoka katika galaksi iliyo mbali sana, zote mbili zaweza kuangukia mahali pamoja katika vichujio, na mwenye kutazama rangi peke yake asijue ni ipi. Akanionyesha pia jambo lililonitia haya zaidi. Mwezi wa Agosti 2022, yaani kabla ya darsa yangu, wataalamu wengine walikuwa wamekwisha andika kuwa galaksi hii ama ina wekundu wa kiasi cha 17, ama ina vumbi na wekundu wa kiasi cha 5, na wakatanabahisha kuwa galaksi za jirani yake zaonekana kuwa na 5. Maandishi hayo yalikuwa wazi kwa kila mtu siku ile niliposimama kusema "imethibiti". Sikuyatafuta, kwa kuwa khabari ya kwanza ilikuwa imenipendeza.

Mwezi uliofuata, Machi 2023, darubini ya James Webb yenyewe iliipasua nuru ya galaksi hiyo. Bildi ikagusa chini: wekundu wake ni 4.9. Nuru yake iliondoka wakati ulimwengu una umri wa miaka kiasi cha bilioni 1.2, na mistari yenye nguvu ya oksijeni na haidrojeni ndiyo iliyoving'arisha vichujio hata ikafanana na kitu kilicho mbali kupita kiasi. Katika kazi hiyo hiyo ilipimwa galaksi nyingine waliyoipa jina la Maisie. Ilikuwa imekisiwa kiasi cha 12, ikathibiti 11.4. Njia ni moja: huku ilipotoa, na huku ilisibu.

Sasa tulitazame suala letu.

Wako watakaosema, "Basi makisio yote ni upuuzi, tungoje yakini." Jawabu ni kuwa watu hawa hawaishi kwa kauli yao wenyewe. Tabibu hukisia maradhi kabla ya damu kupimwa, mfanyabiashara hukisia bei ya msimu ujao, na msafiri aliyekumbwa na kiza mahali asipopajua haambiwi aache kuswali hata kuche. Huambiwa ajitahidi kuitafuta kibla kwa dalili alizonazo. Tena ni makisio hayo hayo yaliyowaonyesha wataalamu, katika maelfu ya galaksi za picha zile, ni ipi inayostahili kutupiwa bildi. Lau si rangi ya maji, bildi ingetupwa ovyo ovyo.

Wako na wengine, nao ni wengi zaidi siku hizi, watakaosema, "Mashine imesema, na mashine haina matamanio, basi yafaa iaminiwe." Huku ni kufuata bila ya kuuliza, na haitofautiani na kumfuata mtu kwa ukubwa wa kilemba chake. Mashine haina matamanio, lakini aliyeipa violezo anayo, na aliyechagua mchoro wa kuonyesha anayo. Programu iliyofundishwa kwa galaksi za karibu zenye kung'aa huihukumu galaksi ya mbali iliyo hafifu kwa desturi za zile ilizozizoea, sawa na mtoto aliyekulia kisiwani akidhani maji yote ya duniani ni ya chumvi. Haidanganyi, haijaonja mengine.

Nionavyo mimi, makisio huwa ni ilimu kwa masharti matatu. La kwanza, yatajwe pamoja na mipaka yake: kutoka hapa hadi hapa, na kama viko vilima viwili vitajwe vyote viwili. La pili, ielezwe yamejengwa juu ya nini, yaani ni violezo gani vilivyotumika na ni vipi havikutumika. La tatu, mwenyewe awe tayari kuyatupia bildi, na siku bildi itakapoyakataa ayaache mbele ya watu, kama alivyoyatangaza mbele ya watu. Yakitimia haya, makisio ni sehemu ya ilimu hata yakija kukosea. Na yakikosekana haya, hayawi ilimu hata yakisibu.

Maneno haya ya mwisho yataka kuelezwa, kwani hapo ndipo penye kiini cha suala. Wataalamu walioandika 16.4 waliiandika kuwa ni galaksi inayodhaniwa, wakataja mipaka ya hesabu yao, na baadhi ya hao hao walishiriki katika kuipima kwa bildi na kuandika kuwa sivyo. Hao walikosea, na kukosea kwa namna hiyo hakuna aibu. Mimi nilichukua nambari ile ile, nikakata mipaka yake, nikaiita yakini. Nambari ni moja, kauli ni mbili. Tena lau bildi ingeisadiki 16.4, nisingekuwa nimeokoka, bali kosa langu lingefichika tu. Mfano wake ni shahidi asimamaye mbele ya kadhi akaapa kuwa alimwona fulani akiiba, na hali hakumwona, alisikia tu. Baadaye ikibainika kuwa fulani aliiba kweli, je, shahidi yule atakuwa ameshuhudia haki? La. Amesema jambo ambalo limetokea kuwa kweli, lakini ushahidi wake ulikuwa wa uwongo, kwa sababu alichokitolea ushahidi ni kuona kwake, na kuona hakukuwapo. Na mimi nilipotamka "imethibiti" sikutoa khabari ya galaksi peke yake. Nilitoa khabari ya kujua kwetu, na kujua huko hakukuwapo.

Huenda mtu akasema: watu hawapendi shaka, na mwalimu asemaye "yaelekea" na "huenda" hatasikilizwa, vijana watamwendea mwenye sauti kubwa. Siikatai khatari hii, nimeionja. Lakini tazama gharama ya upande wa pili. Kijana aliyeambiwa "imethibiti" leo, kisha akasikia kesho kuwa imebatilika, hataishuku ile khabari moja tu. Ataishuku ilimu nzima, na atamshuku mwalimu hata pale anaposema la yakini. Kwa nahodha ni vivyo hivyo: abiria humwamini kwa kuwa wajua kwamba asiposema "nimepima" hakupima.

Wala hili la kuandika shaka pamoja na kipimo si jambo geni katika pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya kukumbuka uhuru wa Kenya, katika jukwaa la San Marco lililosimama baharini karibu na Ngomeni, kaskazini ya Malindi, Wataliani kwa kushirikiana na Wamarekani walirusha setilaiti wakaiita Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa makusudi kwa kuchungua miali ya eksirei itokayo mbinguni. Daftari lake la nne, lililotolewa mwaka 1978, lina vitu 339. Na chombo kile hakikuweza kuonyesha mahali pa kila kitu sawasawa kama ncha ya sindano. Kwa hiyo waandishi wake waliandika mipaka, kana kwamba wasema: kitu hiki kimo ndani ya eneo hili, na ndani ya eneo hili hatujui ni wapi. Kwa uaminifu huo wengine waliokuja na vyombo bora walijua pa kutafuta. Lau wangeandika nukta moja kwa kujionyesha, waliokuja baadaye wangetafuta pasipokuwapo kitu.

Tena, ndugu zangu, galaksi haidhuriki kwa makisio yetu. Ikiitwa ya mbali na hali ni ya karibu, yaendelea kung'aa kama ilivyokuwa. Wanaadamu sivyo walivyo. Leo ziko programu katika simu zinazokisia kama mtu ni mwaminifu wa kulipa deni, kwa kuangalia jinsi anavyotumia simu na fedha zake. Mchuuzi wa samaki hukataliwa mkopo wala haelezwi ni kwa kiolezo gani amepimwa, wala kama katika mchoro wake kulikuwa na kilima cha pili. Yeye huona neno moja tu: hapana. Ikiwa yatupasa kutaja mipaka ya makisio yetu juu ya nyota iliyo mbali hata nuru yake imesafiri miaka mabilioni, je, haitupasi zaidi juu ya jirani yetu?

Basi mwenye kuiendesha programu asitoe nambari moja ambapo mashine imempa mchoro mzima. Mwenye kunakili khabari aichukue na mipaka yake, kama achukuavyo amana ya mtu pamoja na kifuniko chake. Na mwenye kusikiliza asione haya kuuliza, hata kama wenzake watacheka.

Niliporudi pwani, na khabari ya bildi ilipotoka, nilisimama darsani nikasema kuwa niliyoyasema Septemba hayakuwa yamethibiti, na kwamba sikuwa na haki ya kusema kuwa yamethibiti. Waliosikia la kwanza walikuwa wengi. Waliosikia la pili hawakufika nusu yao, na mmoja wa waliokosekana amekwenda zake Maskati na khabari yangu ya kwanza. Huyo simpati tena.

Nahodha naye hakuwapo usiku ule, alikuwa mgonjwa. Nikamwendea nyumbani kwake nikamwomba radhi. Akanikaribisha, akaamrisha niletewe kahawa, kisha akasema, "Mwanangu, usinione mjuzi. Mimi chombo changu kilipanda fungu asubuhi moja, jua likiwa usoni. Maji niliyaona meusi, na bildi ilikuwa imelala pale pale miguuni pangu. Toka siku hiyo ndipo nilipoanza kuuliza." Nikamwuliza ilikuwa kina gani pale kilipopanda. Akatabasamu, akasema, "Hilo nalijua. Hapo nilipima."